Heko kwa Seva Inayokataa

Hitilafu namba 2003 ya MySQL haijapata mtu wa kuiimbia. Wachezaji mpira wana nyimbo zao, wanasiasa wana ngoma zao, na hata daladala bovu huandikwa ubavuni maneno ya kujisifu. Lakini ujumbe unaomwambia mhasibu wa Dodoma kwamba kompyuta yake imeshindwa kuifikia seva ya kanzidata iliyoko Dar es Salaam hupigiwa meza, si vigelegele. Huja mwisho wa mwezi, mishahara ikiwa bado haijaingizwa, na huondoka na jina baya lisilo haki yake.

Kwanza, hujibu upesi. Kanuni za TCP zilizochapishwa mwaka 1981 chini ya uhariri wa Jon Postel, katika hati inayojulikana kama RFC 793, ziliweka utaratibu ambao Mswahili yeyote angeutambua. Mgeni hupiga hodi kwa pakiti iitwayo SYN, mwenyeji huitikia, mgeni huthibitisha kwamba amesikia, ndipo mazungumzo yaanze. Kama mlangoni hapo hakuna mtu, hurudishwa pakiti fupi iitwayo RST: wenyewe hawapo. Linux huipokea habari hiyo kwa namba 111, Windows kwa 10061, na njia ikiwa nzuri jibu hufika kabla mhasibu hajapepesa jicho.

Tena anayejibu si kanzidata. Yenyewe pengine haijawashwa tangu umeme ulipokatika jana. Anayeitikia ni mfumo endeshi wa mashine ile, jirani mwema asiyetaka mgeni asimame juani bure.

Wa kulaumiwa ni yule anayenyamaza. Fayawoli iliyoagizwa kuzitupa pakiti kimyakimya haisemi ndiyo wala hapana. Adabu za pwani zinaruhusu hodi tatu, kisha mtu arudi zake. Linux, kwa mpangilio wake wa siku nyingi uliodumu hadi mwaka 2023, haikufundwa hivyo: ilipiga ya kwanza, kisha ikairudia mara sita, ikingoja sekunde moja, mbili, nne, nane, na kuzidisha maradufu hadi 64. Jumla yake ilikuwa sekunde 127 za mtu kukodolea kiduara kinachozunguka, ndipo aletewe namba 110 kwamba muda umekwisha. Aliyewahi kuzingoja sekunde hizo huku bosi amesimama nyuma ya kiti hataidharau tena 111.

Halafu kuna ualimu wake. Aliyepata 111 amefunzwa mengi kwa mpigo: jina la seva limepata anwani, njia ipo, na mashine iko hai (ingawa si lazima iwe mashine aliyoikusudia, maana DNS, inayogeuza majina kuwa anwani, nayo ina utani wake). Kilichobaki ni poti: 3306 kwa MySQL, 5432 kwa PostgreSQL, 1433 kwa SQL Server. Ama huduma haijawashwa, ama namba imekosewa, ama kuna fayawoli ya kistaarabu inayokataa kwa sauti. Aliyepata 110 ahangaike na njia na fayawoli, asikeshe akibadilisha nywila. Na anayeletewa 1130, kwamba mashine yake hairuhusiwi kuingia, au 1045, kwamba amenyimwa ruhusa, anunuliwe soda. Huyo sasa anakataliwa na kanzidata yenyewe, si na jirani. Amepanda cheo.

Hapo kwenye 1045 ndipo wengi walipozeekea. MySQL haimtambui mtu kwa jina tu, bali kwa jina pamoja na mahali anapotokea. Asha wa localhost, yaani wa palepale kwenye seva, na Asha wa alama ya asilimia, yaani wa popote, ni watu wawili wenye nywila mbili na haki mbalimbali, na mmoja anaweza kufutwa mwingine asiwe na habari. Msimamizi huijaribu akaunti akiwa ameketi kwenye seva, huona mambo shwari, kisha humjibu mhasibu: "Mama, huku kwetu inafanya kazi." Kumbe kwenye Linux mteja wa MySQL akiandikiwa localhost hapiti mtandaoni kabisa. Hupitia faili la soketi ndani ya mashine hiyohiyo. Jaribio hilo limethibitisha kwamba seva inaelewana na nafsi yake, jambo ambalo hakuna aliyelitilia shaka. Angeandika 127.0.0.1 angalau angepita kwenye TCP, na angeinuka akajaribu kutoka mashine nyingine angekuwa na la kusema.

Kwa ufasaha wa kukataa, PostgreSQL haina mpinzani. Ikishasakinishwa husikiliza localhost peke yake, hadi mtu abadilishe mstari wa listen_addresses na kuiwasha huduma upya. Kuiambia isome tena mipangilio hakutoshi. Sikio likishafunguka, bado kuna pg_hba.conf, faili la nani aingie, kutoka wapi, kwa uthibitisho gani. Husomwa kutoka juu kwenda chini, na mstari wa kwanza unaolingana ndio wenye kauli, hata kama wa chini yake ungekuwa mkarimu zaidi. Usipopatikana mstari wake, mgeni huelezwa anwani aliyotokea, jina alilolitumia, kanzidata aliyoitaka, na kama alikuja kwa njia iliyosimbwa au ya wazi. Ni ofisi chache za umma zinazorudisha fomu ya mwananchi kwa maelezo ya kina kiasi hicho.

SQL Server yenyewe ina busara ya kusitiri. Toleo la Express huja TCP/IP ikiwa imezimwa, na aliyekosea kuingia huambiwa hitilafu 18456, hali 1, basi. Sababu ya kweli huandikwa kwenye kumbukumbu za seva, kwa macho ya msimamizi: hali 5 jina halipo, hali 8 nywila si sahihi. Watu hukasirika kwa nini hawaambiwi. Waambiwe ili iwe nini? Mwizi naye angefurahi kujua kwamba jina amelipatia na kilichobaki ni kubahatisha nywila.

Wanaoiona tabia hii ya kukataa kuwa ni inda wakumbuke Jumamosi ya tarehe 25 Januari 2003. SQL Server ilikuwa na huduma kwenye poti 1434 ya UDP, kazi yake kuwaelekeza wageni kwenye poti wanayoitafuta. UDP, kwa bahati mbaya, haina desturi ya hodi. Huduma hiyo ilikuwa na kasoro ambayo Microsoft ilikuwa imeitolea kiraka Julai 2002, lakini seva tele hazikuwa zimetiwa kiraka hicho, nazo zilimpokea yeyote kutoka kokote. Mnyoo uliopewa jina la Slammer ulikuwa na baiti 376 tu. Aya hii imeshauzidi urefu. Mwanzoni ulijiongeza maradufu kila sekunde 8.5 hivi, na ndani ya dakika kama kumi ulikuwa umekwisha kuzishika nyingi kati ya mashine zenye kasoro, ambazo jumla yake ilikadiriwa kuwa 75,000 au zaidi. Nchini Marekani mashine za kutolea fedha za Bank of America zilishindwa kutoa fedha, ndege zilichelewa, na huko Korea Kusini intaneti ikapooza kwa saa kadhaa. Seva iliyokuwa imefungwa poti 1434 kwa watu wa nje ilipitisha siku hiyo kwa amani, na pengine msimamizi wake alikuwa ametukanwa wiki nzima kwa ubahili.

Januari 2017 zamu ikawa ya MongoDB. Makumi ya maelfu ya kanzidata zilizoachwa kwenye intaneti bila nywila zilifutwa, na mahali pa data pakawekwa ujumbe wa kudai bitcoin. Hakuna kufuli lililovunjwa, kwa kuwa hapakuwa na kufuli. Toleo la 3.6, lililotoka mwishoni mwa mwaka huohuo, likaja na tabia ya kusikiliza localhost tu mpaka liagizwe vinginevyo. Redis, kanzidata nyingine, ilikuwa imekwisha kujifunza kukataa mwaka mmoja kabla.

Afrika Mashariki nayo ina ushuhuda wake. Kabla ya kebo ya SEACOM kuwashwa Julai 2009, safari nyingi za kwenda seva za ng'ambo zilipanda hadi setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu na kushuka tena, na kila swali kwa kanzidata lililipa karibu nusu sekunde hata kabla ya kufikiriwa. Kebo zilipokuja, watu wakasahau. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zikakatika pamoja, na wenye kanzidata zao Ulaya au Afrika Kusini wakakumbushwa baharini kuna nini. Siku hiyo fundi wa TEHAMA alipata raha adimu: kosa lilikuwa chini ya maji, na hakuna faili la mipangilio ambalo angeamriwa kulifungua.

Siku za kawaida hana bahati hiyo. Mtu wa mtandao anasema ni seva. Mtu wa seva anasema ni fayawoli. Mwenye fayawoli yuko likizo Tanga, na akipatikana kwa simu anasema hajagusa kitu, kauli inayotolewa na kila mtu aliyegusa kitu. Muuzaji wa programu anashauri kuzima na kuwasha. Bila hitilafu hii watu hao wa jengo moja wasingewahi kuzungumza. Na wakati wanabishana, programu ya mhasibu inaendelea kubisha peke yake, kila mara ikikatika katikati, hadi MySQL inachoka. Huvumilia miito 100 ya namna hiyo mfululizo kutoka mashine moja, kisha huifungia kwa hitilafu 1129 mpaka msimamizi aifute kumbukumbu ya wageni. Yupi pale ofisini angevumilia mara mia?

Ikifika saa nne usiku huja kishawishi. Fundi huizima fayawoli "kwa muda tu", huandika 0.0.0.0/0, yaani anwani zote, kwenye orodha ya wanaoruhusiwa, na mara kila kitu kinafanya kazi. Mhasibu anashukuru, bosi anashukuru, na kuanzia dakika hiyo roboti zinazozunguka intaneti zikijaribu poti 3306 za watu nazo zina sababu ya kushukuru. Muda huo mfupi huweza kudumu kuliko mkataba wa fundi mwenyewe.

Fundi mwenye staha hupita kwingine. Huacha kanzidata ikisikiliza 127.0.0.1 peke yake, kisha huchimba handaki la SSH: poti 3307 ya kompyuta ya mhasibu inaunganishwa na 3306 ya seva kupitia njia iliyosimbwa, na kanzidata inadhani inazungumza na mtu wa nyumbani. Ulimwengu mzima unaendelea kukataliwa papo hapo, mishahara inaingia, na nywila haipiti wazi njiani. Handaki hukatika bando likiisha, swali likiwa katikati, na hapo huja hitilafu 2013, kwamba muunganisho umepotea wakati wa kuuliza. Hiyo ni ya ukoo mwingine, yenye tabia zake, na atakayeisifu ajiandae kwa kurasa zaidi.