Utukufu wa Nusu Sekunde

Maktaba ya programu ni fungu la msimbo ambalo programu nyingine huliazima ili zisijiandikie upya kazi za kila siku, kama kubana mafaili, kupanga orodha au kugawa kumbukumbu. Toleo jipya la fungu hilo likianza kuifanya kazi ya jana kwa muda mrefu zaidi, maktaba husemwa imekuwa nzito, na kwa kuwa waazimaji ni wengi, wote huwa wazito pamoja nayo. Hali hii imetukanwa vya kutosha. Inastahili, walau mara moja, kusifiwa.

Fadhila zake ndogo zinajulikana. Hufundisha subira bila ada. Huwalisha mafundi. Huiweka kompyuta mpya sawa na ile ya zamani, jambo ambalo mapinduzi mengi yameshindwa kulifanya kwa binadamu. Na huko Kanyosha, kusini mwa Bujumbura, humletea wateja muuza chai aliye jirani na kibanda cha kutoa kopi.

Fadhila kuu ni ukweli. Saini hughushiwa, jina hubuniwa, msimbo hufichwa, lakini muda hausemi uongo. Ushahidi ni liblzma, maktaba ya kubana mafaili iliyomo katika mradi wa XZ Utils. Toleo 5.6.0 lilitoka Februari 2024, na 5.6.1 likafuata Machi. Yote mawili yalitolewa na mtu aliyejiita Jia Tan, ambaye hadi leo hakuna aliyethibitisha ni nani, na yalikwishaingia katika matoleo ya majaribio ya mifumo endeshi ya Debian na Fedora. Ndani yake mlikuwa na mlango wa siri. Mwenye ufunguo wake angeweza kuiamuru seva ya mwingine kupitia sshd, programu inayowapokea wanaoingia kutoka mbali. Macho ya watu yaliupita mlango huo. Nusu sekunde haikuupita.

Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa waendelezaji wa hifadhidata ya PostgreSQL, alikuwa akipima kasi, kazi inayodai kompyuta itulie. Haikutulia. sshd ilikuwa ikila prosesa kupita kiasi, ingawa waliobisha hodi walitumia majina yasiyokuwepo na kufukuzwa pale pale. Jaribio la kuingia lililochukua sekunde 0.299 sasa lilichukua 0.807. Chombo kiitwacho perf, kinachoonyesha prosesa inapoteza wapi muda wake, kilielekeza ndani ya liblzma, mahali pasipo na jina la kazi yoyote. Hapo Freund akakumbuka malalamiko ya ajabu aliyoyaona majuma kadhaa nyuma katika valgrind, chombo cha kukagua matumizi ya kumbukumbu. Alitangaza aliyoyagundua tarehe 29 Machi 2024. Udhaifu huo ulisajiliwa kama CVE-2024-3094 na kupewa alama 10 kati ya 10 za hatari.

Kilichomponza mhalifu ni bidii. Msimbo wake uliamka wakati programu ikiunganishwa na maktaba zake, ukapekua majedwali ya majina moja baada ya jingine, na maneno yake mwenyewe ukayaweka katika umbo lisilosomeka. Tahadhari hiyo ndiyo iliyokula muda, mithili ya mwizi anayenyata kwa uangalifu mno hadi kukamkuchea akiwa bado uani. Basi isifiwe nusu sekunde, iliyolinda seva za dunia bila mshahara, bila sare na bila posho ya semina.

Utambuzi wa kawaida wa maktaba nzito hauna msisimko huo. Muda hupimwa tena na tena, maana kipimo kimoja ni uvumi tu. Kisha huchukuliwa toleo la katikati kati ya lile zima na lile gonjwa, likajaribiwa, na nusu isiyo na hatia ikawekwa kando. Mabadiliko 1,000 humalizwa kwa majaribio kama 10. Git, programu inayotunza historia ya msimbo, ina amri ya kazi hiyo, bisect. Palipo na umeme wa mashaka, 10 hayo huweza kuwa mengi.

Na palipo na mashaka mengi, hakuna anayepima. Burundi haina pwani. Data yake huvuka nchi jirani kabla ya kuzifikia nyaya za baharini, kwa hiyo Kanyosha nusu sekunde ya ziada hupita kama salamu. Mteja akilalamika, jibu liko tayari: ni mtandao. Fundi wa simu husema mtandao, karani wa dirishani husema mtandao, ofisi ya vyeti husema mtandao, hata siku ambayo mtandao ni mzima na kilicholemewa ni programu ya ofisi yenyewe, iliyosasishwa usiku bila mtu kuipima. Sasisho la simu nalo limekula mega alizozinunua mteja kwa faranga zake, ili simu iwe nzito kuliko jana. Huo ni unyang'anyi wa mchana, na hahojiwi mtu, kwa sababu mtandao hauna anwani ya kupelekewa barua.

Sifa ziendelee. Uzito huwafichua pia wenye haraka. Lasse Collin, Mfini aliyeitunza XZ kwa miaka mingi, hakuwa na mshahara wa kazi hiyo. Mwaka 2022 watu wenye majina yasiyothibitika walimwandama hadharani: anachelewa, awapishe wengine. Alijibu kwamba ana matatizo ya muda mrefu ya afya ya akili, na kwamba mradi huo anaufanya kwa kujitolea. Hawakukoma. Seva za benki, hospitali na wizara zilikuwa zikiitegemea kazi yake. Wengi wa wenye seva hizo hawakujua hata kwamba yupo. Msaidizi pekee aliyejitokeza na kudumu alikuwa Jia Tan: hodari, mpole, mwepesi wa kujibu.

Mlango wa siri uliondolewa katika toleo 5.6.2, Mei 2024. Aliyelitoa ni Collin, yule yule aliyelaumiwa kwa kuchelewa.