Mheshimiwa Waziri, Naomba Nawe Uvalishwe Kibao

Uyole, Mbeya

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Mji wa Serikali, Mtumba, Dodoma.

YAH: OMBI LA KIBAO CHA TAIFA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mheshimiwa, shikamoo kama umenizidi umri. Kama nimekuzidi mimi, marahaba. Nilikuwa karani wa masijala, Iringa kwanza na Mbeya baadaye, mpaka nikastaafu. Safari ya barua ya mwananchi naijua: inagongwa muhuri wa kupokelewa, inapewa folio, inafungwa kwenye jalada, na jalada linapanda juu ya kabati. Nimejitahidi kuwa mfupi ili nisiwabanie nafasi huko juu.

Mjukuu wangu yuko kidato cha kwanza. Shule siitaji, wewe weka yoyote. Juzi alirudi nyumbani amenuna, shingoni ana mchirizi wa kamba. Alikuwa amevalishwa kibao kwa kosa la kumwambia mwenzake, wakati wa mapumziko, amsubiri afunge kiatu. Alimwambia kwa Kiswahili. Kibao chenyewe kina maneno ya Kiingereza yanayomtangazia kila apitaye kwamba aliyekivaa ni mjinga, na hilo neno la kumwita mjinga limekosewa herufi moja. Utaratibu wake unaujua, maana huenda nawe ulipita humo: unakaa nacho mpaka umnase mwenzako akiteleza, umvishe, naye atafute wa kumvisha. Anayekutwa nacho kengele ya mwisho ndiye anayefyeka nyasi au kuchapwa. Basi darasa zima linashinda limetegeana masikio. Mwalimu wa Jiografia anaeleza Bonde la Ufa, ambalo sisi wa Mbeya tumekaa ndani yake, na hakuna anayemsikiliza. Wanasikilizana wao kwa wao, nani atajikwaa.

Mtoto huyu alianza shule ya msingi kule Kilolo, kwa bibi yake mzaa mama. Alichapwa kwa kusema Kihehe. Akaambiwa lugha ya shule ni Kiswahili, akatii. Miaka saba akasoma kwa Kiswahili hesabu, sayansi na historia, kama shule za msingi za Serikali zinavyofanya tangu 1967. Akafaulu, tukachinja kuku. Januari akavuka geti la sekondari, na kile alichofaulia kikawa kosa. Akapewa zile wiki chache za kozi ya Kiingereza ya kuwapokea kidato cha kwanza, kisha akakabidhiwa Fizikia.

Kabla ya ombi kuu, nina maombi madogomadogo ambayo katibu muhtasi wako anaweza kuyamaliza kabla ya chai. Tunaomba mwongozo kuhusu Wimbo wa Taifa: watoto wanauimba mstarini, kwa Kiswahili, chini ya bango linalosema hapa ni Kiingereza tu. Je, wana kibali? Zile shule zinazotoza faini kwa kila neno la Kiswahili ziagizwe kutoa risiti ya EFD, maana hapa Mwanjelwa mwenye duka anahangaishwa kwa makosa madogo kuliko hayo. Tena kanuni zenu wenyewe zinasema viboko ni kwa kosa kubwa la nidhamu, visizidi vinne, na viandikwe kitabuni. Mtuelekeze, kwenye safu ya kosa mwalimu mkuu aandike nini. Aandike “alisema lugha ya Taifa”? Na mtoto mnayemchapa kwa ajili ya lugha, akiumia, mnataka alie kwa lugha ipi?

Samahani, Mheshimiwa. Hilo la mwisho lifutwe.

Sasa ombi lenyewe. Naomba Serikali itengeneze Kibao cha Taifa cha Lugha, na kianzie kwa wakubwa.

Mbao zisiwe kisingizio. Shamba la Miti la Sao Hill liko hapa Mufindi, paini imejaa, na itapendeza kibao kitokane na mti wa Nyanda za Juu Kusini ili tusionekane tunalalamika bila kuchangia. Kipigwe randa vizuri. Hivi vya shuleni vinatokana na madawati yaliyovunjika na vina vibanzi. Upana uwe kama jalada la daftari kubwa, kitobolewe matundu mawili, na kamba iwe ya katani ya Tanga, na wenzetu wa huko wapate soko. TBS waweke alama ya ubora. Zabuni ipite kwenye mfumo wa NeST kama sheria inavyotaka. Fundi seremala wa Mafinga tunajua ataikosa kwa sababu ya kiambatisho fulani, lakini hayo tumezoea. Kikishapigwa varnishi kipandishwe lori, kipite Iringa mjini, kiteremke Mtera, kiingie Dodoma kikiwa kimefunikwa turubai kisije kikalowa.

Wa kwanza kukivaa, kwa heshima na taadhima, uwe wewe. Tarehe 1 Februari 2025 ilizinduliwa Dodoma Sera ya Elimu na Mafunzo ya Mwaka 2014, Toleo la 2023, ndiyo iliyobakiza Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia sekondari. Hotuba zilikuwa za Kiswahili. Sera yenyewe imeandikwa kwa Kiswahili. Ukumbi mzima ulielewa, ukapiga makofi, na hakuna kiranja aliyeandika jina la mtu. Mheshimiwa Rais simtaji, ana kinga ya Katiba.

Kutoka kwako kiende Baraza la Mitihani. Kila mwaka Katibu Mtendaji husimama mbele ya kamera akaeleza, kwa Kiswahili kilichonyooka, jinsi watoto walivyoshindwa maswali yaliyoandikwa kwa Kiingereza. Avalishwe hapohapo, kabla hajafika masomo ya sayansi.

Kisha bungeni. Mpambe wa Bunge tayari ana uzoefu wa kubeba Siwa. Abebe na kibao, mkono wa kushoto. Kwenye maswali na majibu ya asubuhi kitazunguka haraka: muuliza swali avae, Naibu Waziri anayejibu avishwe, aliyeuliza swali la nyongeza akirudishiwe. Waziri wa Fedha siku ya bajeti apewe vitatu, hotuba yake ni ndefu. Wabunge nao wafunzwe kutegana. Akiteleza mmoja kule nyuma akamwambia jirani yake “sogea kidogo”, jirani asimame kuomba mwongozo wa Spika na kumkabidhi. Jioni Bunge likiahirishwa, atakayekutwa nacho amwagilie miche viwanjani kwa ndoo. Dodoma kame, kazi haitakosekana.

Najua kitakachotokea, kwa sababu nimekwisha kukiona. Siku ya tatu Bunge litanyamaza. Mbunge wa huku kwetu, aliyekuja na hoja nzuri kabisa ya mbolea ya ruzuku, atainua mkono nusu, ataushusha. Anayejua sana atajua kimoyomoyo. Watanong'onezana chooni, mahali pekee pasipo na kiranja. Watakaosimama watakuwa walewale wachache waliosoma shule za gharama, na hao wataitwa wenye akili. Spika akiuliza kama hoja imeeleweka, ukumbi wote utaitikia kwa sauti moja kuwa imeeleweka. Akiuliza kilichoeleweka, mtasikia feni. Baadaye atakuja mtaalamu kutoka nje na ripoti yake, aseme wabunge wa nchi hii wana uelewa mdogo na hawajiamini, na apendekeze waanze Kiingereza mapema zaidi.

Na hao ni watu wazima, wana posho ya kikao. Mimi namzungumzia mtoto wa kidato cha kwanza anayeamka gizani, na baridi hii ya Uyole ya Juni.

Mheshimiwa, jalada la jambo hili ni nene. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, mwana wa Njombe wakati Njombe ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Iringa, ilipendekeza sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili 1985 na vyuo vikuu 1991. Mwaka 1984 wakaja wataalamu wawili, Criper na Dodd, kwa msaada wa Uingereza. Wakawapima wanafunzi, wakakuta wengi hawana Kiingereza cha kuwawezesha kusoma, na wakashauri Kiingereza kiendelee kufundishia. Miaka michache baadaye ukafuata mradi wa Kiingereza wa fedha za Uingereza. Sera ya Utamaduni ya 1997 ikaahidi mpango wa Kiswahili ngazi zote. Sera ya elimu iliyozinduliwa Februari 2015 ikasema Kiswahili kitatumika ngazi zote na Kiingereza nacho kiimarishwe. Ya 2025 ikarudi pale tulipokuwa. Mtoto ambaye angeanza kidato cha kwanza kwa Kiswahili mwaka 1985 huenda sasa ana wajukuu, na wajukuu wake wana vibao shingoni.

Katika mtihani wa kidato cha nne wa 2012, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri, mpaka alama zikapangwa upya. Tuliambiwa kwa mshangao kwamba wengine walijaza karatasi mashairi ya Bongo Fleva. Sisemi lugha peke yake ndiyo iliyowaangusha. Maabara hazikuwepo, walimu hawakutosha. Ila mtu akikalishwa miaka minne mbele ya asichokielewa, kisha akapewa karatasi tupu na kalamu, ataandika kile alichonacho. Mwaka huohuo Naibu Waziri wa wizara yako, mbunge wa pande hizi, alihutubia mkutano Afrika Kusini kwa Kiingereza, Zimbabwe ikajikuta imo ndani ya Muungano wetu. Nchi ilicheka, ikalala, ikaamka. Hakuvalishwa kibao, wala sikutaka avalishwe. Nashangaa tu kwamba mwenye gari la Serikali akiteleza ni bahati mbaya, mwenye sketi ya bluu akiteleza ni utovu wa nidhamu.

Na Oktoba 2016 ulikuwa wapi, Mheshimiwa, ilipozunguka ile video ya mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa jijini Mbeya, amezungukwa na walimu wa mafunzo kwa vitendo, anapigwa ngumi na mateke ofisini mwao? Hatua zilichukuliwa, nakiri, na haraka. Lakini chanzo kilichoelezwa kilikuwa zoezi la somo la Kiingereza ambalo halikufanywa. Tulijadili ngumi. Tulijadili mateke. Zoezi hatukulijadili, wala kuuliza kwa nini somo moja limegeuzwa kuwa jambo la kupigania.

Narudi kwenye adabu.

Usije ukadhani nakichukia Kiingereza. Kina kazi yake. Kurudishwa kwa fuvu la Mtwa Mkwawa kulidaiwa kwa Kiingereza na Kifaransa katika Mkataba wa Versailles wa 1919, na lilifika Kalenga mwaka 1954, miaka 35 tu baadaye. Mjukuu wangu nataka akijue, akiandike, abishane nacho na Mwingereza mpaka Mwingereza aombe maji. Ila apewe mwalimu anayekijua, vitabu vya kutosha, na vipindi vya kukizungumza bila kuogopa kukosea, kama mtu anavyojifunza lugha yoyote duniani. Martha Qorro na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamelieleza hili kwa miaka mingi, tena kwa Kiingereza safi, msiwe na kisingizio: kufundisha Kiingereza ni kazi moja, na kufundisha kila kitu kwa Kiingereza ni kazi nyingine. Ninyi mmeacha ya kwanza, mkang'ang'ania ya pili, na pengo lililobaki mkaliziba kwa fimbo. Watoto wenu haliwahusu. Tunawaona asubuhi, basi la njano likiwasubiri getini kuwapeleka ingilishi midiamu.

Tarehe 7 Julai kila mwaka mnavaa vitenge, mnasherehekea Siku ya Kiswahili Duniani. Afrika Kusini wamekiingiza kwenye orodha ya masomo ya hiari, kwa hiyo kuna mtoto kule anaweza kupewa alama kwa sentensi ileile aliyovalishiwa kibao mtoto wa Iringa. Mkitaka kura, mnatufuata kwa Kiswahili mpaka Ludewa. Mkitaka kodi, ujumbe wa simu unakuja kwa Kiswahili, na hausubiri asubuhi. Mnajua kabisa lugha ya kutumia mnapotaka kueleweka. Nimelifikiria hilo mara nyingi, na kila mara nafika pabaya kuhusu mnayoyatakia madarasa yetu.

Kama kibao cha Sao Hill kitaonekana ni gharama, nipo tayari kulegeza ombi. Toa waraka mmoja, ukurasa mmoja, unaokataza mwanafunzi yeyote kuvalishwa kibao, kutozwa faini, kufyekeshwa au kuchapwa kwa sababu amesema Kiswahili, shule yoyote, kuanzia Jumatatu. Hauhitaji tume wala mfadhili. Uandike kwa Kiswahili, ili kila mwalimu mkuu auelewe siku hiyohiyo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Karani mstaafu wa masijala,
Uyole, Mbeya.