Paka Wawili, Mabeseni Matatu

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja, lakini wahenga hawakupanga nyumba Sinza. Hawakutuambia zizi likiwa vyumba viwili na sebule, na kodi imeshalipwa, mafahali wafanyeje. Kwangu mafahali wenyewe ni paka. Sultani, dume la rangi ya machungwa, ndiye mwenyeji na mwenye kochi. Chausiku, jike jeusi tii, aliletwa na binti yangu kutoka gengeni ndani ya begi la shule, pamoja na ile ahadi ambayo kila mzazi anaijua: "Baba, tutamhudumia wenyewe."

Anayemhudumia ni mimi.

Watu wakigombana huanza na maneno. Paka huanza kwa kunyamaza. Sultani anajilaza katikati ya korido, miguu ya mbele kaikunja chini ya kifua, anamkodolea mwenzake macho. Usiyejua utasema anapumzika. Hapumziki, amefunga barabara. Chausiku akitaka kwenda jikoni kula, hapiti. Akitaka beseni la mchanga, hapiti. Mwisho anamaliza haja zake ndani ya viatu vyangu vya kazini, maana ndivyo vilivyo upande wake. Nyumba nzima inamfokea Chausiku. Mhalifu yuko koridoni, anajilamba.

Usiku ndipo vita vyenyewe. Masikio yanalala, mikia inavimba, na inatoka sauti ya mtoto mchanga anayefinywa, mpaka jirani wa ukuta wa pili anagonga kuuliza kama kwetu ni salama.

Washauri hawakukosekana. Mama mkwe alisema, "Waacheni wapigane, watazoeana." Jirani akasema wamwagiwe maji. Daktari wa mifugo akayakataa yote mawili. Paka pori wa Afrika, babu wa paka wote wa majumbani, huwinda peke yake, na panya mmoja ni mlo wa mtu mmoja, haugawiki. Hakuna wa kumtegemea, kwa hiyo hakuna wa kumwomba radhi. Paka wakiachwa wapigane hawamalizi ugomvi, wanazidisha woga na chuki. Ukimpiga au ukimmwagia maji, anaona balaa hilo limeletwa na yule mwenzake.

Dawa yake ni kuanza upya, kana kwamba hawajawahi kuonana. Mgeni apewe chumba chake mwenyewe. Chumba kilichopatikana ni changu, na mimi na mama watoto tukahamia sebuleni. Halafu wazoeane harufu kabla ya sura: kipande cha kanga alicholalia Chausiku kipelekwe kwa Sultani, na cha Sultani kirudishwe kwa Chausiku. Hapo ndipo nilipogeuka mshenga, natembea koridoni na matambara yenye manyoya, nayanusisha huku, nayanusisha kule, na hakuna upande unaonitolea hata kahawa. Zikafuata sahani za dagaa pande mbili za mlango uliofungwa, kila siku zikisogezwa karibu kidogo, hadi mlango ukafunguliwa upana wa kiganja. Sultani naye akahasiwa, kwa gharama zangu, apunguze ubabe na kunyunyizia mapazia mkojo. Juu ya kabati pakasafishwa, masanduku yetu yakashushwa sakafuni, ili Chausiku awe na njia ya juu pale ya chini inapofungwa.

Je, wamepatana? Hawajapatana, wamegawana. Mchana kochi ni la Sultani, usiku ni la Chausiku. Wakipishana koridoni kila mmoja anatazama ukuta wake. Daktari anasema hayo ndiyo mafanikio; paka halazimiki kumpenda mwenzake, anachotaka ni asizuiwe njia, chakula na choo. Panya nao wameneemeka. Vita vilipokuwepo, walinzi walikuwa wanatazamana wao kwa wao. Amani ilipokuja, dagaa wanaletwa hadi kitandani, nani ahangaike na panya?

Kilichonichoma zaidi ni kanuni ya choo. Beseni moja kwa kila paka, na moja la ziada, kila moja mahali pake, asiwepo wa kumzuia mwenzake. Paka wawili, mabeseni matatu. Nikapiga hesabu ya watu. Humu ndani tuko sita, choo ni kimoja, na kila asubuhi nasimama mlangoni na taulo begani nikimsubiri binti yangu amalize kuimba. Kwa kanuni hiyo, tunastahili vyoo saba.

Nikampigia mwenye nyumba, nikamweleza sayansi yote, taratibu, kwa heshima, tangu paka pori hadi mabeseni. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu:

"Paka gani?"