Yah: Ombi la Kufungua Darasa la Kifaransa Kwenye Mizani ya Muhalala

Kwa Ofisa wa Lugha za Kigeni,
Popote ulipo.

Ndugu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkamuaji wa alizeti hapa Singida, na mzazi wa binti wa kidato cha tatu. Nakuandikia hadharani kwa sababu nilipouliza ofisi yako iko wapi, kila mlango ulinielekeza mlango wa pili.

Kwanza pongezi. Kifaransa kipo. Kwenye orodha ya Baraza la Mitihani kina namba yake, 023, kimekaa kwa raha kati ya Kiingereza, 022, na Fasihi ya Kiingereza, 024. Mtaala ulioanza kutumika 2024 nao haukukitupa. Umekiacha pamoja na Kiarabu na Kichina, mwanafunzi achague mwenyewe. Binti yangu akachagua.

Daftari lake ninalo hapa mezani. Ukurasa wa kwanza ameandika bonjour kwa wino mwekundu na kupiga mstari chini yake kwa rula. Ukurasa wa pili ni kitenzi être: je suis, tu es, il est, elle est, nous sommes. Basi. Mwalimu, kijana wa kujitolea, alipata ajira mkoa mwingine kabla hajafika kwenye vous na ils, na huko nasikia wamempa vipindi vya Uraia. Kwa hiyo binti anaweza kutamka kwa Kifaransa kwamba yeye yupo, wewe upo na sisi tupo. Ninyi na wao, bado. Ukurasa unaofuata kuna mchoro wa panzi wa Baiolojia, na huko mwisho mama yake ameandika hesabu za madumu ya mafuta. Kwetu karatasi haipotei.

Mkuu wa shule, ambaye ni mtu mwema na simtaji, alinieleza kwa upole kwamba shule haina mwalimu wa Kifaransa kwa kuwa haina wanafunzi wa Kifaransa. Nikauliza kwa nini hakuna wanafunzi. Akasema ni nani atachagua somo lisilo na mwalimu? Nikamshukuru nikaondoka. Nimehudhuria vikao vingi vya ushirika, vikiwemo vya wizi wa mizani, na sikumbuki hoja iliyofungwa vizuri namna ile.

Wapo wanaosema mtoto wa Singida asibebeshwe lugha nyingine. Wana hoja. Mtoto wa Ikungi anaamshwa kwa Kinyaturu, ananunua chumvi kwa Kiswahili, na akishavuka darasa la saba anakuta Fizikia, Jiografia na kila kitu vimegeuka Kiingereza. Aliyeyamudu hayo kabla hajaota ndevu, ukimwongezea lugha ya nne anaweza kuharibika kabisa. Anaweza hata kupata kazi Arusha, makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo wakuu wake wa nchi waliridhia Februari 2021 kwamba Kifaransa kiwe lugha rasmi pamoja na Kiingereza na Kiswahili. Sisi wazazi tungebaki na nani?

Shida yetu, ndugu, ni barabara. Nadhani walioipitisha huku hawakuwasiliana na ofisi yako. Lori linatoka bandari ya Dar es Salaam, linapita Dodoma, linaingia kwetu Manyoni, linakatiza Singida mjini na Misigiri, linateremka mlima Sekenke hadi Shelui, kisha linaitafuta Nzega. Mzigo ni wa Bujumbura, Kigali, Goma, Bukavu. Usiku ukiwa na dirisha wazi unawasikia madereva wakibadilisha gia.

Juzi mfanyabiashara wa Bujumbura alitaka mafuta yangu. Kwenye simu Kiswahili chake kilikuwa safi. Tulipatana bei, tukaulizana habari za watoto na za mvua. Kisha akanitumia masharti kwa maandishi, Kifaransa mwanzo hadi mwisho. Nilizunguka nayo mjini hadi viatu vikalalamika, nikaishia Misigiri, ambako dereva mmoja wa Bukavu alikuwa anakula. Akafuta vidole, akasoma mstari kwa mstari na kunieleza kwa Kiswahili cha kwao: wanataka cheti cha uasili wa bidhaa, na kwenye lebo paandikwe huile de tournesol na tarehe ya mwisho ya matumizi. Nikamlipia chakula. "Aksanti, papa," akasema, akapanda lori lake. Naweza kukutaarifu rasmi, basi, kwamba bei ya Kifaransa mkoani Singida kwa sasa ni robo kuku wa kienyeji na ugali.

Ombi langu limetokana na hapo. Muhalala, wilayani Manyoni, kuna kituo cha ukaguzi wa magari ya mizigo, kama kile cha Vigwaza na cha Nyakanazi. Sijui mahali pengine mkoani ambapo mtu anayejua Kifaransa analazimishwa na sheria kusimama. Naomba pasajiliwe kuwa darasa. Wanafunzi wakae kwenye mabenchi, gari likipimwa uzito dereva naye apimwe kitenzi: huyu atoe vous, anayefuata atoe ils, tumalize kile kiporo cha daftarini. Nyumba ya mwalimu haitahitajika, anatembea nayo. Atahama kila siku, hilo ni kweli, lakini nyuma yake kuna foleni.

Kikwazo ni kimoja. Madereva hawa ukiwaambia bonjour wanakujibu "jambo sana," na kuanzia hapo ni Kiswahili tu hadi gari linaondoka. Naomba itungwe kanuni ndogo ya kukipiga marufuku Kiswahili kwa dereva yeyote wa Kongo au Burundi kati ya Muhalala na Shelui, isipokuwa tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, ambapo waruhusiwe kutupongeza.

Hilo likishindikana, ipo njia nyepesi zaidi ya kungoja. Rwanda iliingia Jumuiya 2007 na Kifaransa chake mkononi. Mwaka uliofuata ikaamua shule zake zifundishe kwa Kiingereza. Burundi iliingia mwaka uleule wa 2007, Kongo ikafuata 2022. Tukivumilia, huenda nao wakachoka, na ofisi yako itakuwa imeokoa mishahara ya walimu wote ambao haikuwaajiri. Ikielekea huko naomba nidokezwe mapema, maana lebo nimeshachapisha.

Majibu unaweza kunipa kwa lugha yoyote.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkamuaji wa alizeti,
Singida.

Nakala: Kituo cha Ukaguzi, Muhalala (kwa maandalizi ya mabenchi).