Muulize Mjomba: Likizo ya Bangkok

Mjomba, mume wangu alitangaza kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo kwamba Aprili tunawapeleka watoto Bangkok. Kesho yake mama mkwe akashuka matatu kutoka Kuresoi na begi lake. Ndani mna unga wa mahindi na kibuyu cha mursik. Tikiti hana. Nifanyeje?
– Mkaza Mwana, Kiamunyi

Mkaza mwana, mama hana kosa. Mtu akitangaza safari mbele ya ukoo bila kutaja idadi ya watu, ukoo hujihesabu wenyewe. Tikiti mwachie aliyetangaza. Kibuyu ndicho kinachonitia wasiwasi. Kwenye mkoba wa mkononi, kioevu hakizidi mililita 100 kwa chupa, na mursik, pamoja na heshima zake zote, ni kioevu. Halafu afisa wa ukaguzi akifungua kizibo aone zile chembe nyeusi za mkaa, mtamweleza mpaka lini? Unyweni nyumbani.

Unga pia uacheni. Bangkok kuna mchele wa kunata, khao niao, unaouzwa barabarani pamoja na kuku wa kuchoma. Huumegi kwa uma: unafinyanga tonge kwa vidole, unachovya. Mpe mama tonge la kwanza, usiseme ni mchele. Akiuliza mboga, mwagizie som tam, saladi ya papai bichi, ila umwombe muuzaji apunguze pilipili. Wale huitia kama wana kisasi.

Leso zake, hizo beba zote. Wat Pho, kwenye hekalu la Buddha aliyelala, mwenye urefu wa mita 46, viatu huvuliwa na mabega hufunikwa, nami najua magauni ya likizo yanavyoshonwa siku hizi.

Mjomba, tunafika Bangkok tarehe 13 Aprili. Mke wangu amenunua wigi lililonifanya niuze ndama. Jirani anasema huko watu humwagiwa maji barabarani. Ni kweli ama ni wivu?
– Muuza Ndama, Bahati

Vyote viwili. Hiyo ni Songkran, mwaka mpya wa Wathai, 13 hadi 15 Aprili. UNESCO iliiingiza kwenye orodha yake ya turathi za utamaduni mwaka 2023. Kiasili ni maji ya baraka, vijana wakiwamiminia wazee kidogo mikononi. Barabarani sasa ni ndoo na bastola za plastiki, na hakuna atakayeuliza habari za ndama. Simu na pasipoti zitieni kwenye mfuko usiopenya maji. Wigi libaki hotelini, mama avae kilemba. Nawe ukilowa, usitafute askari. Tafuta ndoo.

Mjomba, tulitoka Nakuru jioni kuwahi ndege ya usiku. Shemeji akasema tupitie Kikopey, eti mbuzi ni wa dakika kumi. Ndege ikatuacha. Nimdai nauli?
– Aliyeachwa, Section 58

Mbuzi wa dakika kumi hajazaliwa. Na huwezi kumdai mtu uliyekula naye mbavu. Hiyo kachumbari ya pili aliitisha nani?

Kabla hamjakata tikiti nyingine, kagueni kadi za chanjo ya homa ya manjano. Thailand huzidai kwa wanaotoka Kenya, na chanjo sharti iwe na angalau siku 10 kabla ya kuingia. Shemeji naye, siku ya safari, mkikaribia Elementaita mfunikeni leso usoni, mmfunue mkishapita Gilgil.