Tetesi ya Usajili, Mlezi Wetu

Ligi ikiisha, wachezaji huenda makwao kupumzika, makocha huenda kutafuta kibarua kwingine, na waamuzi hupotea kusikojulikana. Inayobaki kazini ni tetesi ya usajili peke yake. Tangu Juni mpaka dirisha kubwa lifungwe ndiyo inayotulea sisi mashabiki, na ujira wake ni matusi: mara uzushi, mara porojo, mara njama za kuuza magazeti. Nimeona niisifu sasa hivi, kabla filimbi ya kwanza haijapulizwa, kwa sababu ikishapulizwa tutaanza kulizwa na mambo ya kweli.

Kwa ukoo, hakuna wa kuinyooshea kidole. Yanga ni ya 1935 na Simba ya 1936 (jina la Sunderland tuliachana nalo 1971), na siamini kwamba 1937 iliisha bila mtu mmoja pale Kariakoo kumnong'oneza mwenzake kuwa fulani anahama. Baba wa tetesi ni methali: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mama yake ni yule mtu wa ndani ambaye hataki jina lake litajwe. Mtu wa ndani namheshimu sana. Yumo kwenye kila kikao cha usajili, anajua mshahara wa kila mchezaji, mkataba ameushika kwa mikono yake, na bado anapata nafasi ya kukaa na shemeji yake, ambaye ndiye anayetuletea habari sisi.

Tazameni inavyofanya kazi. Siku moja inaingia kwenye simu picha ya kisogo. Ni uwanja wa ndege wa Julius Nyerere, au mahali panapofanana napo. Mtu mrefu, kofia ya sweta kichwani, barakoa usoni, anavuta begi, kapigwa picha kwa nyuma na mtu ambaye mkono ulikuwa unamtetemeka. Basi. Kijiweni simu inapita mkono kwa mkono, kila mmoja anaikuza picha kwa vidole viwili. "Huyu straika, oneni mapaja hayo." "Wapi! Namba sita huyo, straika hatembei hivyo." Mzee mmoja wa Yanga, ambaye miwani kaisahau nyumbani, anasema yule ni mfanyabiashara wa vitenge kutoka Lubumbashi, na anazomewa. Kufikia magharibi kisogo kina jina, umri, bei, na hoteli alikofichwa kule Masaki.

Baada ya kisogo huja video. Ina dakika nne, muziki umefunguliwa mpaka mwisho, na ndani yake jamaa hajapoteza pasi tangu azaliwe. Mabeki wanaanguka wenyewe. Kipa anaruka upande usio wake. Majukwaani hakuna watu, lakini hilo nani ana muda nalo? Huyo ndiye mchezaji ninayempenda kuliko wote, mchezaji wa tetesi. Nyama za paja hazimsumbui. Penalti hakosi. Hachelewi kurudi kambini akitoka timu ya taifa, wala hanuni akitolewa dakika ya 60. Kanuni zetu zimekuwa zikiruhusu klabu ya Ligi Kuu wageni 12. Tetesi haina habari na kanuni, na kufikia katikati ya Julai imeshanipatia wageni wa kujaza basi zima, wote wanaanza.

Wasioipenda husema wao wanasubiri taarifa rasmi. Mimi taarifa rasmi nimezisoma. Zina nembo, zina mhuri, huanza kwa uongozi kupenda kuujulisha umma, na huishia kwa kumtakia mtu kila la heri huko aendako. Hakuna aliyewahi kukesha kijiweni kwa ajili ya kitu cha namna hiyo. Tena tetesi inalisha watu. Muulize muuza magazeti anayebana kurasa za mbele kwa vibanio karibu na kituo cha daladala: asubuhi za Julai watu wanamzunguka, mikono nyuma, wanasoma vichwa vya habari bure, lakini kikitokea cha "amalizana na Mnyama" hakosekani mmoja wa kutoa hela. Muuza kahawa anarudi kujaza birika. Mabando ya intaneti yananunuliwa. Kodi inaingia serikalini kutokana na jambo ambalo halikutokea. Nitajieni biashara nyingine yenye malighafi rahisi kiasi hicho.

Sikatai kwamba mara nyingine tetesi huteleza ikasema kweli. Hapo ndipo balaa linapoanza. Januari 2013 ilisemwa Emmanuel Okwi anauzwa Etoile du Sahel ya Tunisia, na kweli akauzwa, kwa dola 300,000. Wana Simba tukazipangia matumizi. Fedha zikakawia hadi shauri likafika FIFA, na kabla mwaka haujaisha Okwi huyo huyo akasaini Yanga. Mwaka 2020 ilisemwa Bernard Morrison anatoka Jangwani anakuja Msimbazi. Akaja. Yanga wakasema bado ni mali yao, na maneno ya kijiweni yakafika CAS, mahakama ya michezo kule Uswisi. Mwaka 2021 CAS ikampa Morrison ushindi, na 2022 Morrison akarudi Yanga kwa miguu yake mwenyewe.

Na Chama je? Dirisha baada ya dirisha tuliambiwa Clatous Chama anavuka kwenda Yanga, na tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Ulikuwa uongo mzuri, wa kifamilia, tumeulea wenyewe na umekua machoni petu. Julai 2024 wakauharibu kwa kumtangaza kweli.

Mmeshaelewa kwamba mimi ni wa Simba, kwa hiyo anayeisifu tetesi hapa ni mtu mwenye deni nayo. Tangu 2021/22 hadi 2024/25 ubingwa ulikwenda Jangwani misimu minne mfululizo. Tarehe 5 Novemba 2023 tulifungwa 5-1, na watani mpaka leo wakikupungia mkono wanahakikisha vidole vyote vitano umeviona. Mei 2025, fainali ya Kombe la Shirikisho, tulilala 2-0 kwa RS Berkane kule Morocco, tukatoka 1-1 Zanzibar, na kombe likapanda ndege na wenyewe. Mtu mwenye mafaili kama hayo anaishije? Juni analala chali anatazama dari. Julai tetesi inamgongea mlango: beki wa kati tayari, bado kutambulishwa tu. Anaamka. Anaoga. Anavaa jezi ya msimu uliopita, anakwenda kijiweni, anakaa benchi moja na Mwananchi wa Jangwani, wananunuliana kahawa na kashata, kila mmoja na kikosi chake kisichofungika. Julai ndio mwezi pekee ambao Simba na Yanga wanaongoza ligi kwa pamoja.

Kisha linakuja tamasha letu, Simba Day, tulilonalo tangu 2009. Mwaka huu nitakwenda tena, na najua itakavyokuwa. Uwanja wa Mkapa, siti 60,000, wekundu mtupu. Majina yataitwa moja moja, kwa muziki na moshi: makipa, mabeki, viungo, washambuliaji. Nitahesabu kwa vidole. Wa mwisho akishapunga mkono, mimi nitabaki nimekodoa macho kule wanakotokea wachezaji, nikimtafuta mwenye kisogo. Jirani yangu wa siti, mtu ambaye sijawahi kumwona, ataniinamia sikioni na kuteremsha sauti.

"Tulia, kaka. Yupo mjini. ITC yake tu ndiyo haijafika."