Hakimu Asiyeomba Kura

Anayetaka kugombea uhakimu Greyville, mjini Durban, Afrika Kusini, ana tatizo moja dogo: uchaguzi wenyewe haupo. Picha za watu wanaotabasamu kwenye nguzo za taa ni za wagombea udiwani wa eThekwini, manispaa ya Durban. Mwenye kutaka uhakimu husubiri nafasi itangazwe, hujaza fomu na kusailiwa na Tume ya Mahakimu, kisha Waziri wa Sheria ndiye huteua, chini ya sheria ya 1993.

Majaji huteuliwa na Rais kwa ushauri wa Tume ya Utumishi wa Mahakama. Katiba ya 1996 inaipa tume hiyo wajumbe 23. Kumi kati yao hutoka bungeni, na bila shaka huacha siasa mlangoni pamoja na miavuli. Usaili ni wa hadharani: jaji aliyezoea kuuliza maswali huulizwa yeye, hasa kuhusu hukumu alizozikalia kwa miezi.

Texas hawana usumbufu huo. Jaji hupigiwa kura kwa tiketi ya chama, na mawakili watakaosimama mbele yake kesho wanaruhusiwa kuchangia kampeni leo, kwa mapenzi yao ya haki tu.

Greyville, mwenye fedha za kumwekea mshindani huenda kwenye mbio za farasi za Durban July, zilizoanza 1897. Huko dau ni halali, na mshiriki anayeonekana bora hubebeshwa uzito zaidi ili wenzake wasionewe.